Tulivyouzunguka Mlima Meru na Bibi na Watoto

Gari nililirithi kwa kaka yangu alipohamishiwa Mtwara. Ni Prado ya zamani, ya petroli, na kwa miaka miwili nililiendesha Njiro mjini, mjini Njiro, mara mojamoja Moshi kwenye harusi. Pembeni ya gia ya kawaida kuna kigia kingine kifupi ambacho herufi zake zimefutika kwa kushikwashikwa. Sikuwahi kukigusa. Nilijiambia siku moja nitamwuliza mtu, na siku hiyo haikufika mpaka nilipokwama katikati ya korongo upande wa kaskazini wa Mlima Meru, mama yangu akiwa kiti cha mbele na wanangu wawili nyuma.

Tangu turudi nimeulizwa na wazazi wenzangu wengi kama safari zile za magari ya foo-wili, yaani yanayosukumwa na magurudumu yote manne, zinafaa kwa familia. Zinafaa, na nitakwenda tena. Ila nataka mwende mkijua yaliyonikuta, kwa sababu karibu makosa yangu yote yalikuwa na mzizi mmoja: niliona haya kusema kwamba kitu fulani sikijui.

Safari ilitangazwa kuwa ya siku moja, watoto wanakaribishwa. Kutoka Arusha hadi Usa River kwa lami, kupanda kwa Ngurdoto, kufuata barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha hadi Momella, kushuka Ngare Nanyuki, halafu kuzunguka nyuma ya mlima kwa njia ya vumbi mpaka Oldonyo Sambu, ambako unaikuta tena lami ya Namanga. Mzunguko wote haufiki kilometa 150. Nilipoona hesabu hiyo nikajua saa nane mchana tupo nyumbani. Tulitoka saa 1 asubuhi, tukarudi saa 3 usiku. Kwenye njia za namna hii usihesabu kilometa. Hesabu makorongo, vituo vya watoto kujisaidia, na mtu mmoja atakayekwama.

Kilichonifanya nijiandikishe haraka ni jina la Ngare Nanyuki. Mama alizaliwa huko mwaka 1949. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi ile ili wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Mama alikuwa na miaka miwili, akabebwa mgongoni hadi kwa ndugu upande wa Poli, kwa kuwa babu alikataa kwenda Kingori walikopangiwa. Ardhi ilikuja kurudi mikononi mwa Wameru, lakini babu alikuwa ameshaotesha migomba kwingine. Mama amekaa Arusha maisha yake yote, na Ngare Nanyuki yenyewe hajakanyaga tangu utu uzima. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Tunaondoka saa ngapi?"

Asubuhi tulikutana kituo cha mafuta Usa River, magari saba. Kiongozi wa msafara ni mzee mstaafu aliyeendesha magari ya watalii miaka mingi. Baada ya shikamoo na marahaba alitukusanya madereva, akatupa taratibu. Taa za mbele ziwake muda wote, maana kwenye vumbi ndizo zinazoonekana. Kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake: ukifika njia panda unasimama, husogei hadi umeona taa za mwenzako. Hakuna mtoto wa kupakatwa kiti cha mbele. Maji ya kunywa kila familia ije nayo ya kutosha, kwa sababu maji ya upande ule wa Meru yana floridi nyingi. Mtaona meno ya kahawia hata kwa vijana, na floridi haiishi kwa kuchemsha. Mimi nilikuwa na lita 10 kwa watu wanne na zikaisha. Bebeni lita 20.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Nani hajawahi kutumia gia ya chini?"

Ndiyo ile inayoingizwa kwa kigia kifupi. Vijana wawili wakanyoosha mikono. Akawachukua pembeni, akawaonyesha, haikuzidi dakika tano. Mimi nilikuwa dereva mwanamke peke yangu siku ile. Nilitazama funguo zangu mkononi, sikunyoosha.

Hifadhini sitakaa sana, wengi mnapajua. Kiongozi alikuwa ameshaulizia siku kabla utaratibu wa magari yanayopita tu, nanyi fanyeni hivyo hivyo badala ya kwenda kubishana getini. Pale Serengeti Ndogo twiga watatu walikuwa karibu na barabara, na mwanangu wa miaka minne alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Alikuwa ameshaomba kushuka mara mbili. Mtoto wa umri ule anahitaji kituo kila baada ya dakika arobaini hivi, na ni afadhali kituo kiwe kwenye ratiba ya msafara kuliko wewe kuomba kila mara kwenye redio ya mawasiliano kati ya magari. Tena msimpe maziwa asubuhi. Ule mpando wa Momella wenye kona na mabonde ulimtoa yote juu ya kiti, na harufu tulikaa nayo mpaka usiku.

Ngare Nanyuki tulifika karibu saa 5. Soko lilikuwa na matenga ya nyanya yamepangwa hadi barabarani. Tulikula chini ya mgunga nje kidogo ya kijiji: viazi vya kuchemsha, mayai, maandazi, chai ya chupa. Mama hakula. Alishuka, akavua kandambili, akasimama peku kwenye udongo. Mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye msafara akaanza kuwasimulia watoto habari za Kirilo Japhet, Mmeru aliyesafiri hadi New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulalamikia ardhi hii hii ambayo watoto walikuwa wameikalia na sahani zao. Watu walichanga fedha ili aende. Watoto wakauliza alikwenda na ndege gani, aliogopa au hakuogopa. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba yangu alichanga mbuzi." Mimi ni mwanawe wa tatu, nina miaka 41, na sikuwahi kusikia habari za mbuzi huyo.

Kama kungekuwa na kitu kimoja tu cha kuwaambia wanaotaka kwenda na wazee, ni hiki: wachukueni. Hakikisha tu mzee ana mto wa kukalia na mwingine wa mgongoni, maana shokapu za gari zinavumilia kuliko kiuno cha mtu wa miaka 76, na mwulizeni kuhusu kujisaidia kabla hajalazimika kuomba. Mama alikuwa amejinyima maji tangu asubuhi ili asitusumbue. Nililigundua hilo mchana, midomo yake ilipokuwa imekauka.

Baada ya Uwiro njia inabadilika. Upande huu wa Meru mvua hainyeshi kama kule kwetu kusini, na udongo ni majivu ya volkano. Vumbi lake si la kawaida, ni kama unga wa sembe, linaelea na halitui. Kiongozi alisema tuachiane nafasi hadi vumbi la mbele lipungue. Mimi niliogopa kupotea, nikamganda aliye mbele yangu. Vioo nilivifunga nikiwa nimechelewa.

Binti yangu ana miaka kumi na ana pumu. Nilimsikia kabla sijamwona kwenye kioo: ule mluzi mwembamba kifuani, halafu kimya, halafu mluzi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwepo. Nilikuwa nimeifungasha mimi mwenyewe, vizuri kabisa, kwenye begi la nguo, chini ya boksi la barafu, chini ya tairi la akiba la mwenzetu nililokubali kumbebea. Nikasimama bila kumwambia mtu kwenye redio, nikafungua buti, nikaanza kutupa vitu chini. Sijui ilichukua muda gani. Mama alikuwa amemkalisha wima, amemshika mgongo, anamwambia, "Polepole, mjukuu wangu, pumua na mimi." Nilipoipata mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba binti mwenyewe ndiye aliyeitikisa, akaiweka mdomoni, akavuta kama daktari alivyotuelekeza. Baada ya dakika chache midomo ikarudi rangi yake.

Gari la mwisho likatufikia. Kijana anayeliendesha akashuka mbio, "Dada, kuna nini? Mbona hukuita?" Nikamjibu kwamba tumemaliza, tuko sawa. Redio ilikuwa kwenye dashibodi, inawaka, umbali wa mkono wangu.

Ninachojuta zaidi ya vyote ni hicho. Kukwama ni jambo la gari. Hapa mtoto alikuwa anahangaika kupumua, na mimi nilikuwa nawaza nitaonekanaje kwa kusimamisha watu.

Wakati tunapanga vitu upya, mbele walikuwa wamesimama kupunguza upepo wa matairi kwa ajili ya mchanga. Kiongozi akaita kwenye redio gari moja moja: tayari? Zamu yangu ilipofika nikasema tayari. Matairi yangu yalikuwa na upepo wa PSI 34. Wenzangu walikuwa wameshuka hadi 20.

Faida ya kupunguza upepo niliielewa baadaye. Tairi likilegea kidogo linakuwa refu pale linapokanyaga, uzito wa gari unagawanyika, halizami. Likijaa linakata mchanga kama kisu. Lakini ukishatoka kwenye mchanga lazima ulijaze tena kabla ya lami na mwendo, la sivyo linapata moto na kupasuka. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari nunueni mwanzo kabisa, kabla ya taa za ziada na mapambo mengine.

Korongo lenyewe lilikuwa na upana wa mita 40 hivi, kavu, mchanga wa kijivu. Magari matatu yalivuka bila shida. Mimi niliingia, nikafika katikati, nikahisi gari linazidi kuwa zito. Nikakanyaga mafuta, jambo ambalo hutakiwi kulifanya. Matairi yakazunguka palepale, gari likajichimbia hadi tumbo likakaa kwenye mchanga.

Kiongozi akarudi kwa miguu. Akainama dirishani. "Mwanangu, umeweka gia gani?"

"Sijui, baba."

Hakunigombeza. Alitazama kile kigia, akanitazama, akasema, "Haya. Kwanza shusha watoto." Nikamwambia ni dakika mbili tu, wabaki kivulini. Mama alikuwa ameshafungua mlango. "Shusha watoto," akasema naye, kwa sauti niliyoifahamu tangu nikiwa na miaka minne. Wakapelekwa ng'ambo, juu ya ukingo.

Kilichofuata nakieleza taratibu kwa sababu ndicho nilichojifunza kwa mikono yangu. Tulitoa upepo matairi yote manne hadi 18. Tukachimba mbele ya kila tairi, siyo nyuma tu, na kuondoa mchanga chini ya tumbo. Kisha akanionyesha: gari limesimama, gia kubwa iko N, ndipo unavuta kigia kidogo kwa nguvu ya uhakika, unasikia kinaingia. Injini inapata nguvu, magurudumu yanakwenda polepole, na ule upole ndio unaokutoa.

Bado halikutoka. Kamba ikaletwa. Mmoja wa vijana akataka kuifunga kwenye pete iliyo chini ya bampa, kiongozi akamzuia. Pete zile, alisema, ni za kufungia gari kwenye meli lisitembee likitoka Japani. Ukivuta nazo zinaweza kukatika, na chuma kinachorushwa na kamba iliyokazwa kinaua. Vivyo hivyo ule mpira wa kuvutia trela, asiufunge mtu kamba ya kukwamulia gari. Alitambaa chini hadi akaipata kulabu nene iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Koti likatandikwa juu ya kamba ili kitu kikikatika lipunguze kasi yake. Watu wote wakasogezwa mbali, zaidi ya urefu wa kamba na nusu yake, na akahesabu vichwa vya watoto yeye mwenyewe, kwa kidole.

Mara ya pili gari likatoka, taratibu, kama mtu anayeinuka kitini.

Tulikuwa tunakunja kamba mama aliponiita. Alikuwa amesimama ukingoni, uso ameuelekeza mlimani. Juu yetu anga ilikuwa ya buluu, jua kali, lakini kilele cha Meru kilikuwa kimezibwa na wingu jeusi tangu mchana, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukiangalia. "Nasikia harufu ya udongo uliolowa," akasema. "Korongo linashuka."

Hakuna aliyebishana na bibi wa miaka 76. Kiongozi akachukua redio, akayaambia magari matatu yaliyokuwa bado ng'ambo yarudi nyuma ya ukingo, yasivuke hata kama yanaona pakavu. Dereva mmoja akasema anaweza kupita mara moja tu, haraka. Akajibiwa, "Usivuke."

Haikufika dakika ishirini. Mlio ulitangulia, kama lori linalomwaga kokoto mbali. Halafu ukaja ulimi wa povu na vijiti, unatambaa tu, watoto wakaucheka. Nyuma yake maji ya kahawia yakafika kwenye magoti, yakapita magoti, na chini yake ungesikia mawe yanagongana yakibingirika. Shimo langu lilijaa na kufutika. Niliuangalia ule mkondo nikiwa nimewashika wanangu wote wawili, na sikuweza kusema kitu. Binti yangu ndiye aliyesema, "Mama, pale ndipo tulipokuwa."

Tulisubiri saa mbili na zaidi, magari manne huku, matatu kule, tukiongea kwa redio. Hii nayo muijue: ndani ya kila gari kuwe na chakula cha jioni, sweta na tochi, hata kama ratiba inasema mtarudi mchana, kwa sababu msafara ukigawanyika chakula kinaweza kubaki upande wa pili. Boksi letu la chakula lilikuwa kwenye gari la mwisho. Tuligawana nyanya mbichi nilizonunua sokoni, na chumvi ya mwalimu.

Maji yalipopungua kiongozi alivuka kwa miguu na fimbo, mara mbili, akipima kila hatua. Mchanga uliolowa ni mgumu kuliko mkavu, lakini maji huchimba mashimo mapya na kukata kingo. Ilibidi wanaume watengeneze mteremko kwa sepetu, kwa mwanga wa taa za magari. Wakavuka mmoja mmoja. Lami ya Oldonyo Sambu niliiona saa 2 usiku, watoto wamelala, mama yuko macho.

Gharama zangu, kwa wanaopanga: mchango wa msafara shilingi 30,000, kukodi redio 10,000, petroli lita 27. Chujio la hewa lilijaa majivu, jipya likanigharimu 45,000. Kinga ya plastiki ya chini ilichanika korongoni, fundi akaishona kwa waya kwa 20,000. Kipimo cha upepo nilikinunua Jumatatu iliyofuata.

Dawa ya pumu sasa inakaa mfukoni mwa mlango wa nyuma, upande wa binti yangu, na nyingine kwenye pochi yangu. Mdogo wake pia ameonyeshwa ilipo.

Jumapili mbili baadaye nilimpigia kiongozi, nikamwomba anifundishe upya, tangu mwanzo, kila nisichokijua. Tulikutana uwanja mtupu karibu na Kisongo. Aliniweka kwenye usukani, akaniacha niingize na kutoa kile kigia mpaka nikakiweza nikiwa nimefumba macho. Tulipofika nyumbani binti yangu alichukua rangi yangu nyeupe ya kucha, akaketi kiti cha dereva, akaanza kuziandika upya zile herufi, moja moja, ulimi ukiwa nje kwa umakini.